Tomu Zilizoshuka Mgongoni mwa Dramu Kubwa

Vijana mnaopiga dramu siku hizi, nawaona. Mnafika ukumbini, mnafungua miguu ya chuma, mnapachika tomu juu yake, mnakaa na kupiga. Hakuna hata mmoja anayeuliza nani alizishusha tomu hizo kutoka mgongoni mwa dramu kubwa. Kwa Singida hii, ni mimi. Sikusoma zaidi ya darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisoma nusu, lakini kitu hicho nilikitengeneza kwa mikono hii, kwa vyuma vya baiskeli, wakati Mwingereza bado yuko bomani na bendi mjini kwetu ilikuwa moja tu. Atakayewaambia vingine, mwulizeni yeye alikuwa wapi.

Mkono wa kulia sasa umekataa. Siwezi kushika kijiti wimbo mzima, ndiyo maana nimekaa naandika. Naandika pia kwa sababu habari hii imeanza kusimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na mtu anayesimulia jambo ambalo hakuliona, mimi humwangalia mara mbili. Huwa ana lake.

Kwanza mjue vyombo vyenyewe vilivyokuwa. Dramu kubwa ni ile inayolala ubavu, unaipiga kwa mguu. Tomu ni zile ngoma mbili ndogo mbele ya kifua chako. Zetu zilikuja kwa lori kutoka Dodoma, Wazungu walikuwa wamezitumia kwenye klabu yao mpaka zikawachosha. Juu ya mgongo wa dramu kubwa palikuwa na bamba la chuma, pana kama kiganja, limefungwa kwa bolti nne, vichwa vya bolti ndani na nati nje. Kwenye bamba ulisimama mkono wa chuma uliogawanyika kama panda ya manati, kila upande umebeba tomu moja. Kwa hiyo tomu mbili zilikaa juu ya dramu kubwa kama watoto wawili juu ya mgongo wa punda, na kila ulipopiga teke chini, juu nako kulitikisika. Aliyebuni mpango huo nadhani hakuwahi kukaa nyuma yake Jumapili nzima.

Mwalimu wangu alikuwa Gidioni, Mnyiramba wa Ulemo, mkubwa kwangu kwa miaka sita hivi. Yeye alifundishwa kupiga kwenye bendi ya misheni, tarumbeta na ngoma za kutembea, na bendi yetu ilipoanza ndiye aliyekaa kwenye dramu. Mimi nilikuwa fundi baiskeli, kivuli changu ni baraza ya duka la Mhindi mmoja tuliyekuwa tukimwita Bhai. Nilimwomba Gidioni anifundishe, akanifundisha. Huo ni ukweli na siufichi.

Siku ya kwanza niliweka tomu zimetazama juu kabisa, kama ngoma za nyumbani. Nikipiga, kijiti kinagonga ukingo.

"Umeziweka kama unataka kutwanga," Gidioni aliniambia. "Zilaze kidogo. Zikuinamie, kama mtu anayekupokeza ungo."

Nikazilaza mno. Akacheka. "Sasa unga umemwagika wote."

Shikeni hilo, ni bora kuliko vitabu. Kaa, tupa mikono ilegee, inua vijiti bila kuinua bega. Panapoangukia ncha za vijiti ndipo katikati ya ngozi panapotakiwa kuwa. Ukiona unanyanyua bega, tomu iko juu mno. Ukiona unagonga goti, sina la kukuambia.

Jumapili moja Gidioni aliumwa malaria. Nikakaa mimi. Mguu wangu, kwa kukanyaga baiskeli kila siku, ulikuwa na nguvu ambayo mji huu haujaiona tena. Watu walicheza mpaka vumbi likaziba madirisha. Gidioni alipopona, Kapteni Juma, kiongozi wetu, akamwambia, "Wewe shika manyanga kwanza." Hiyo "kwanza" ikawa mwaka, ikawa miaka miwili. Gidioni akapiga manyanga, na akapewa kazi ya kupasha ngozi moto. Hakulalamika. Na mimi mtu aliyenyang'anywa kiti akanyamaza, namwogopa kuliko anayetukana.

Mambo ya kupasha moto ninyi hamyajui, mna ngozi za plastiki. Zetu zilikuwa ngozi za ndama. Masika ikija zinanyonya unyevu, zinalegea, dramu inalia kama debe lenye pumba. Kwa hiyo kama ngoma za wazee wetu, kila baada ya nyimbo kadhaa zinapelekwa kwenye moto wa majani au wa kuni ndogo, zinageuzwa mpaka ukigonga kwa kidole zinaitika. Tomu mbili zilichomolewa, zikaenda motoni, zikarudi. Mimi nikaagiza na dramu kubwa iende, na bamba lake na kila kitu.

Gidioni alikataa siku ya kwanza kabisa. "Hii si gogo lililochongwa, mdogo wangu. Hizi ni mbao nyembamba zimebandikwa kwa gundi. Chomoa ngozi peke yake tuipashe."

Nikamtazama. Kuchomoa ngozi ya dramu kubwa ni kazi ya nusu saa, na kibali cha bomani kilitupa kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, basi. Nikajiambia, huyu anataka dramu yangu ilie vibaya Kapteni asikie. "Peleka kama ilivyo," nikasema. "Na nati zangu asiguse mtu. Spana ni ya kwangu."

Akapeleka kama ilivyo. Masika yote, na kiangazi nacho, kwa mazoea.

Basi, mwaka wa pili tomu zikaanza kuinama. Mara ya kwanza ilikuwa palepale mjini, katikati ya rumba, tomu ya kushoto ikanilalia gotini kama mtoto mwenye usingizi. Nikamaliza wimbo nikiishikilia kwa paja, na waliokuwepo wakasema huo ni ufundi mpya. Baadaye nikakaza. Jumapili iliyofuata ikainama tena.

Nikaenda kwa Bhai. "Bhai, bolti zako laini."

"Bolti yangu inashika lori la pamba mpaka Shinyanga," akasema bila kuinua macho. "Ngoma yako inabeba nini, fundi?"

Nikanunua mpya hata hivyo, nikaziangalia moja moja kwenye jua, kwa sababu Bhai ni mtu mwema lakini ni mfanyabiashara. Bolti zilikuwa nzima. Basi haikuwa bolti. Ikabaki mikono ya watu.

Nikaanza kuhesabu mikono. Kapteni hakuhusika, bendi ni yake. Mpiga gitaa hajui hata kufungua kopo. Aliyekuwa anabeba dramu, kuzigeuza na kuwa nazo peke yake kila mapumziko, nyuma ya nyumba, alikuwa mmoja. Nikaanza kumfuata. Akienda kwenye moto, nami naenda kujinyoosha. Akiinama, nami naokota kitu.

Mke wangu aliona. "Unamchunga Gidioni kama mbuzi aliyekula mbegu."

"Wewe hujui watu," nikamwambia.

"Ninakujua wewe."

Kisha ikaja safari ya Nduguti. Tulialikwa baada ya mavuno, watu wengi, wengine wametembea tangu asubuhi. Wimbo wa tatu, tomu ya kushoto haikuinama. Ilitoka na mkono wake, ikaanguka, ikabingirika uwanjani mpaka miguuni mwa mama mmoja aliyekuwa anacheza. Akaiokota, akaipangusa vumbi, akaniletea mbele ya kadamnasi. "Baba, pokea. Mwanao ameanguka."

Nduguti nzima ilicheka. Hata leo nikipita kule kuna wazee wanaoniuliza hali ya mtoto.

Njiani kurudi, juu ya lori, Kapteni akanisogelea. "Hamisi, ikianguka tena, kiti kinarudi kwa Gidioni. Siwezi kuongoza bendi ya kuokota ngoma."

Alisema hivyo Gidioni akisikia. Nikamtazama usoni. Hakutabasamu. Na hilo nalo nikalihesabu.

Sasa sikilizeni mtego wangu, maana hata kama sikuufaidi nilivyotaka, ni ufundi halisi na mnaweza kuutumia kwenye baiskeli, kwenye pampu, popote penye nati. Safari iliyofuata ilikuwa Ulemo, kwao Gidioni. Asubuhi nikamwomba mke wangu wanja.

"Umeamua kupaka macho?"

"Nataka kupaka nati."

Nikakaza nati zote nne mpaka mwisho wa nguvu zangu, kisha kwa kijiti chembamba nikachora mstari mweusi kutoka juu ya nati kushuka mpaka kwenye bamba, kila nati mstari wake. Nati ikiguswa, mstari unakatika: nusu inabaki kwenye bamba, nusu inahama na nati. Mwongo hawezi kubishana na mstari.

Ulemo tulipiga kwenye uwanja wa soko, mchana kweupe. Mama yake Gidioni alikuja, amevaa kanga mpya, amekaa mbele na ndugu zake. Tukapiga, tukapumzika, Gidioni akabeba dramu kwenda motoni, na safari hii sikumfuata. Nilimwachia nafasi makusudi. Akarudi nazo, akaniwekea, tukaanza tena. Wimbo wa pili tu, tomu zote mbili zikaenda mbele pamoja, bamba limetoka, bolti zinaning'inia.

Nikasimama. "Kapteni, simamisha. Mtu afunguliwe mfuko."

Muziki ukakoma kipande kipande. Kapteni akasema, "Mtu gani?"

"Yule. Gidioni. Fungueni mfuko wake."

Gidioni akaufungua mwenyewe, akauweka mezani. Ndani mlikuwa na shati, kipande cha sabuni, na spana ndogo. Saizi ya nati zangu hasa.

"Hii ni ya nini?" Kapteni aliuliza.

"Ya kukazia," Gidioni alisema.

"Nani alikutuma ukaze?"

"Hakuna."

Watu wakacheka, wale wale wa kwao. Mimi nikaongeza maneno ambayo sitayaandika hapa. Mama yake aliinuka, akavuta kanga kichwani, akaondoka bila kumtazama mtu. Gidioni akalaza manyanga juu ya kiti, taratibu yasilie, akamfuata.

Nilirudi Singida mshindi. Kapteni alinipa mkono. Nililala usingizi mzuri.

Kesho yake, barazani kwa Bhai, nikaitoa dramu kubwa kwenye jua ili nisome mistari yangu na kumpelekea Kapteni ushahidi wa pili, asije akabadili nia. Mistari ilikuwa imekatika yote minne. Nikafurahi. Kisha nikaangalia ilikokwenda.

Mimi ni fundi baiskeli. Nimefungua na kufunga nati nyingi kuliko punje za ulezi mlizokula. Nati ikilegezwa inahamia kushoto. Hizi zote nne zilikuwa zimehamia kulia, na si kidogo, karibu nusu mzunguko. Mtu alikuwa amezikaza, juu ya pale nilipoishia mimi kwa nguvu zangu zote. Na ili nati ihame hivyo baada ya mimi kuikaza, lazima kitu kilicho chini yake kiwe kimedidimia.

Nikaanza kujitetea, mimi Hamisi. Nikasema labda Gidioni alilegeza kwanza, kisha akakaza kupita kiasi ili kunipoteza. Nikasema labda alijua habari ya wanja. Nikageuza dramu huku na huku nikitafuta njia nyingine, nikakosa. Nikatia ukucha kwenye tundu la bolti. Mbao zikatoka tabaka tabaka, zimeachana kama kitunguu, na gundi imekauka kuwa unga wa njano. Harufu yake ilikuwa ya moshi.

Mke wangu alikuwa ameniletea uji. Akanusa naye. "Nani aliagiza hii ipelekwe motoni?"

Nikanywa uji.

Sasa niwaambie habari ya kile chombo, maana ndicho mlichokuja kusikia. Niliapa tomu hazitarudi mgongoni mwa dramu kubwa. Kwa siku nne nilifunga kazi ya watu. Nilichukua bomba la kiti la baiskeli kuukuu na bomba linaloingia ndani yake, lile la kupandisha na kushusha kiti, pamoja na kibano chake. Hivyo tomu ikapata kupanda na kushuka kama kiti, ukiipata sawa unabana. Juu nikaweka shingo ya usukani, maana inageuka na kulala unavyotaka, nayo ndiyo iliyobeba panda ya tomu. Chini nilianza na miguu minne, kama meza. Ikacheza. Sakafu zetu za udongo hazina usawa hata mahali pamoja. Nikakata mguu mmoja, nikapanua mitatu iliyobaki. Mafiga ni matatu, na sufuria haijawahi kulalamika. Katikati ya miguu nikaning'iniza jiwe ndani ya gunia kwa uzito. Teke likapigwa chini, tomu hazina habari. Niliipiga asubuhi nzima pale barazani mpaka Bhai akatoka na kuniuliza kama ninataka kumfukuzia wateja wote au nitambakizia wawili.

Ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuunda, na sikupata raha nayo. Kila nilipobana kibano niliona spana ile juu ya meza.

Nikapanda baiskeli kwenda Ulemo, lile bamba na kipande cha ubao nimevifunga kwenye keria. Nilimkuta mama yake uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule mwenye ngoma zinazoanguka?"

"Ndiye mimi, mama."

"Yuko nyuma."

Gidioni alikuwa anapura uwele kwa fimbo mbili, moja kila mkono, na alipura kwa mapigo yaliyo sawa kuliko yangu. Nikamwonyesha bamba, mistari ya wanja, ubao ulioharibiwa na moto. Nikasema yote, nikasema mpaka na ule moto alionikataza.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyekaza. Kila wiki nilisikia bamba linacheza, nikakaza. Ulisema asiguse mtu, nikanunua spana yangu."

"Kwa nini hukusema, kaka?"

"Ungeamini?"

Akarudi kupura. Baadaye akasema, bila kuacha, "Umekuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwa nimeshajua. Waliokuwa sokoni ndio hawajui."

Niliendesha baiskeli kurudi nikimshuku tena, sitawaficha. Nilijua nikisema jambo hilo mbele za watu, Kapteni atasikia kwamba dramu iliharibiwa na mimi, na aliapa kiti kinarudi kwa Gidioni. Na Gidioni alikuwa juu ya lori siku Kapteni alipoapa. Je, alitaka jina lake au kiti chake? Nililigeuza hilo kichwani kwa majuma matatu. Mwisho nikaona kwamba hata kama alitaka kiti, jina lilikuwa lake vilevile.

Nikamwomba Kapteni turudi Ulemo. Uwanja uleule wa soko, mchana, watu wengi kuliko mara ya kwanza, maana walitumaini kuona ngoma zikianguka. Nikapanga dramu, nikafungua miguu yangu mitatu, nikatundika jiwe, nikapachika tomu. Kabla ya wimbo wa kwanza nikasimama.

"Siku ile hapa nilimwita Gidioni mharibifu. Spana yake ilikuwa inakaza. Aliyeharibu dramu ni mimi, niliipeleka motoni, naye alinikataza. Mwenye kutaka ushahidi, bamba liko mezani na wanja bado upo."

Hakuna aliyecheka. Kapteni alinitazama kama mtu anayeangalia tairi lililopasuka. Mama yake Gidioni alikuwa mbele, kanga ileile. Gidioni alikuwa amesimama pembeni, hakuja kupiga. Nikamnyooshea vijiti. Baada ya hapo tulipokezana kiti kile, wimbo wangu na wimbo wake, mpaka bendi ilipovunjika, lakini siku ile wimbo wa kwanza ulikuwa wake.

Akaja, akakaa. Hakupiga. Akatia mkono mfukoni akatoa spana ile ile, na mbele ya Ulemo nzima akaanza kugusa nati zangu moja moja, za miguu, za kibano, za shingo, taratibu, kama mtu anayekagua baiskeli ya kukodi. Alipofika kwenye kibano cha juu akasimama, akaweka spana, akavuta robo mzunguko kwenda kulia. Kisha akarudisha spana mfukoni, akaanza kupiga.

Kibano kile nilikifunga mwenyewe asubuhi, kwa nguvu zangu zote. Mpaka leo sijui kama kweli kilikuwa kimelegea.